Mtoto wa Papa Angani

Jana jirani yetu alirudi na kichanga kutoka hospitali, na wanawake wakampaka mama huyo poda shingoni wakiimba. Harufu ile ilinirudishia wivu wangu wa zamani.

Jioni moja, nilipokuwa mdogo, umeme ulikuwa umekatika, na ua wetu ulinuka makaa na mawese. Papa na tonton Bosco, mwenzake wa kutazama nyota, walipokezana darubini. Waliilinganisha nyota moja na nyota jirani zake, kisha wakaikagua ramani ya anga kwa tochi.

“Mu ramani haiko,” papa alisema. “Iko mupya!”

“Alors, umepata mutoto!” tonton alicheka.

Mama akaleta poda, akampaka papa shingoni, kama wanavyopakwa waliojaliwa mtoto.

Mimi niliamini. Nilikuwa mtoto wa pekee nyumbani, na papa hakuwahi kunitazama kwa hamu namna ile.

“Papa, akishuka, mimi nitalala wapi?”

Walicheka tu.

Kila jioni papa alitoka kupima mwangaza wa nyota ile, nami nikakaa mlangoni nikiichukia. Siku aliposema kwa huzuni, “Iko inafifia,” nilikula sahani mbili za pondu, majani ya muhogo.

Sasa najua nyota ile haikuwa mpya hata kidogo. Ilikuwa nzee, imekaa miaka yote juu ya ua wetu, na papa hakuiona mpaka ilipolipuka.

Ningejua mapema, nami ningelipuka.