Mama Jalada na Ukuta wa Mdogo Wake

Kwa miaka ishirini na sita, mtu aliyeingia mahakama ya wilaya na hasira zake alikutana kwanza na Mama Jalada. Hakimu alikuwa mbali, nyuma ya milango miwili. Mama Jalada alikuwa hapo hapo masjala, nyuma ya kaunta ya mbao iliyochakaa kwa viwiko vya watu, mhuri mkono wa kulia, kidau cha wino mkono wa kushoto, na nyuma yake rafu za chuma zilizojaa majalada yaliyofungwa kwa utepe.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye barua ya ajira tu. Watu walimwita hivyo kwa sababu alikuwa na uwezo wa kunyoosha mkono bila kugeuka na kuchomoa jalada la mwaka juzi. Lakini kazi yake kubwa zaidi ilikuwa kuwaelekeza watu, na aliifanya kwa mkato.

"Kakupiga kofi? Mahakama ya mwanzo, jengo lile la bati jekundu. Huhitaji wakili. Hukuridhika na hukumu yao, ndipo unakuja hapa kwetu. Hukuridhika na sisi, unapanda mahakama kuu, kwa majaji. Hukuridhika na majaji, kuna mahakama ya rufani. Hao wakishasema, baba, unakwenda nyumbani kulala."

"Na kama ni mambo ya kiwanja?"

"Ardhi si hapa. Ardhi ina njia yake. Baraza la ardhi, ghorofa ya pili, nyuma ya ofisi ya maji. Anayefuata!"

Sentensi hiyo, "ardhi si hapa", aliisema mara nyingi kiasi kwamba mumewe aliwahi kumsikia akiisema usingizini.

Nyumbani, Mama Jalada aliishi katika nusu ya nyumba ya marehemu baba yake. Nusu nyingine ilikuwa ya mdogo wake wa kiume, fundi cherehani, mtu mpole, mnene, mwenye tepu ya kupimia shingoni hata siku za mapumziko. Mama yao alikaa upande wa fundi. Katikati palikuwa na ua, na katika ua palikuwa na njia: Mama Jalada alipita hapo kwenda kumjulia hali mama yake, kuanika nguo, na kumwambia mdogo wake mambo ambayo fundi hakuwa ameyauliza.

Labda hilo la mwisho ndilo lililoleta ukuta. Siku moja alirudi kazini akakuta matofali yamefika kifuani. Fundi alikuwa akichanganya saruji mwenyewe, tepu shingoni.

"Nini hiki?"

"Ukuta, dada. Napanua chumba cha kazi."

"Na mimi nipite wapi?"

"Barabarani. Si mbali. Zunguka kwenye kona, dakika saba."

"Umepima?"

"Nimepima."

Mama Jalada hakupiga kelele. Aliweka mkoba wake chini, akasema kwa sauti ile ya masjala: "Tutaonana mahakamani." Fundi alidhani ni utani, akaendelea na saruji.

Hakuwa anatania. Asubuhi iliyofuata alipiga hati ya madai kwenye mashine ya ofisi wakati wa chai. Ilikuwa hati safi: aya zimehesabiwa, pambizo zimenyooka. Akaigonga mhuri yeye mwenyewe, akaipa namba, akaiweka rafuni. Karani mwenzake aliisoma, akakohoa, akarudi kwenye chai yake. Nani angethubutu kumwambia Mama Jalada kitu?

Siku ya kutajwa kwa shauri, hakimu alifungua jalada, akalisoma, akavua miwani. Alikuwa mwanamke kijana ambaye, alipofika kituoni hapo, alioneshwa na Mama Jalada mahali pa kuweka miwani.

"Mama," alisema taratibu, "kwanza wewe ni mtumishi wa mahakama hii, kwa hiyo mimi singeweza kulisikiliza shauri lako. Lakini hata hilo lisingekuwepo… unajua nitakachosema."

"Sema tu, mheshimiwa. Kiingie kwenye kumbukumbu."

"Ardhi si hapa."

Kicheko kilitokea benchi la nyuma, kikakatishwa na jicho la askari. Shauri likaondolewa. Mama Jalada alirudi masjala, akaandika kwa mkono wake mwenyewe kwenye kitabu: limefungwa, mahakama haina mamlaka. Kwa nini mtu aliyeijua njia kuliko wote alikosea mlango? Mumewe alipomuuliza, alijibu kwamba alitaka kushinda mbele ya watu wanaomjua. Ndiyo sababu ya kweli, na aliisema mara moja tu.

Basi akapanda ghorofa ya pili, nyuma ya ofisi ya maji, akapanga foleni. Dirishani alikuwepo kijana asiyemtambua. "Nakala tatu, mama. Umeleta mbili." Akarudi kesho yake. "Picha hii haina jina nyuma." Akarudi tena. Alitaka kukasirika, lakini alishindwa, kwa sababu kijana alikuwa sahihi kabisa.

Shauri liliahirishwa mara nane. Mara ya kwanza ndugu hao walikaa ncha mbili za benchi. Mara ya tatu jua lilipiga upande wa fundi, akasogea. Mara ya tano walikuwa wakigawana chupa ya chai, maana baraza lilianza saa tatu kwenye karatasi na saa sita kwenye kiti. Nyumbani, kwenye ukuta, hawakusemeshana. Barazani waliongea kuhusu presha ya mama, ndoa ya binamu, na cherehani iliyokuwa ikiruka mishono.

Siku ya ushahidi, ilibainika kwamba kila upande ulikuwa umemwandika shahidi yule yule. Mama yao aliingia kwa mkongojo, akakalishwa.

"Mama, wewe ni shahidi wa nani?" mwenyekiti wa baraza akauliza.

"Nimewazaa wote wawili. Nyinyi mliosoma ndio mniambie."

"Marehemu mumeo alisemaje kuhusu njia ile?"

"Alisema watu wapite. Hakusema wapite wakiongea."

Mwenyekiti aliandika yote mawili. Baada ya wiki tatu baraza likatoa uamuzi: njia ilikuwepo tangu enzi za baba, ukuta ubomolewe. Mama Jalada alikunja karatasi yake kwa heshima. Fundi alikunja yake kwa hasira, akasema anakata rufaa.

Jumapili moja alizunguka kona, dakika saba, akagonga mlango wa dada yake. Mkononi alikuwa na karatasi.

"Dada, sababu za rufaa zinaandikwaje?"

"Unamuuliza mdai wako?"

"Nimuulize nani mwingine?"

Mama Jalada akavaa miwani, kwa nia ya kutazama tu. Sababu ya kwanza: dada yangu ana maneno mengi. Sababu ya pili: mimi ni mtoto wa kiume. Sababu ya tatu: saruji imeshakauka.

Alihisi maumivu ya kweli, kama mpishi aliyeona mtu anatia sukari kwenye samaki. Akachukua kalamu. Akafuta ya kwanza. Akafuta ya pili kwa nguvu zaidi. Kisha kalamu ikasita, kwa sababu kulikuwa na jambo alilolijua tangu siku ya ushahidi na hakumwambia mtu. Sheria ilitaka mwenyekiti na wajumbe wawili wanaoketi naye wawepo mwanzo hadi mwisho. Siku mama yao alipotoa ushahidi, mjumbe mmoja alikuwa ametoka kujibu simu, na akarudi wakati bibi kizee ameshasimama kuondoka. Yeyote angeweza kutoliona. Mama Jalada alikuwa ameliandika pembeni ya daftari lake, pamoja na saa.

Mumewe, aliyekuwa akisoma gazeti, alimwona anaandika.

"Wewe! Unajifunga goli mwenyewe?"

"Hati mbovu haipandi mahakama kuu kutoka kwenye nyumba hii," akasema, na akaendelea.

Jaji wa mahakama kuu alikuwa mzee mwenye sauti ndogo. Alisoma hukumu kwa dakika kumi na mbili. Alisema rufaa imeandikwa kwa ufasaha wa nadra kwa mtu asiye na wakili, na fundi akatazama viatu vyake. Alisema hoja ya wajumbe ina mashiko. Uamuzi wa baraza ukafutwa, na shauri likarudishwa likasikilizwe upya mbele ya wajumbe wengine.

Miaka miwili na miezi minne, na walikuwa wamerudi walipoanzia. Nje, kwenye ngazi, Mama Jalada hakuweza kuificha sura yake. Alikuwa ameshindwa, na uso ulikuwa unang'aa.

"Umesikia? Ufasaha wa nadra."

"Nimesikia, dada. Sasa tunaanza upya?"

"Sheria inaturuhusu."

Pengine wangeanza kweli, lakini fundi alipata zabuni ya sare za shule, akanunua meza kubwa ya kukatia vitambaa. Meza haikuingia mlango wa barabarani. Ikalazwa, ikasimamishwa, ikageuzwa, haikuingia. Njia pekee ilikuwa uani, na uani palikuwa na ukuta. Fundi akachukua nyundo.

Mama Jalada aliisikia nyundo ya kwanza akatoka mbio.

"Acha! Huo ukuta una kesi!"

"Si ndio uliotaka ubomolewe?"

"Nilitaka ubomolewe kwa amri! Ukiugusa sasa unaharibu ushahidi!"

Fundi alikaa juu ya ndoo, akacheka mpaka tepu ikamwanguka. Dada yake alisimama kidogo, mikono kiunoni, kisha akaingia ndani kutafuta karatasi. Aliandika hati ya maridhiano ya aya nne. Wakasaini, mama yao akaweka dole gumba kama shahidi wa pande zote mbili, na kijana wa ghorofa ya pili akaipokea bila kuirudisha hata mara moja. Ukuta ulianguka Jumamosi.

Njia ipo wazi mpaka leo, isipokuwa ile meza, ambayo hatimaye haikuingia chumbani pia, na imekaa uani ikiziba nusu yake. Mama Jalada hupita ubavu ubavu akimwambia mdogo wake la kufanya. Ameshaipima. Bado hajaishtaki.