Karibu ya Pangoni

Kwangu mimi, kutoka kwetu Mpendae mpaka sokoni Darajani tu ni safari. Hurudi nikalala kama niliyetoka hija. Kwa hiyo mama aliponituma kijijini kwao, kusini, nikamlete bibi tukae naye, nilijua hana mwengine wa kumtuma. Macho ya bibi yalishaingia ukungu, na bado alikuwa akishuka peke yake pangoni kuchota maji. Mara moja alishateleza. Mama alimtandikia kitanda, akaweka kanga mpya juu ya mto.

"Mwali wangu katolewa nje leo!" bibi alinipokea, akinitania mimi mjukuu wake wa kiume. "Nani kakufungulia mlango?"

"Shikamoo bibi. Nimekuja kukuchukua."

"Marahaba. Nshafunga mzigo. Twende kwanza nikawaage wenyewe wa pango."

Pango liko nyuma ya makaburi. Ardhi imefunguka ghafla kati ya mawe, shimo la kumeza nyumba yetu na ya jirani. Mizizi inaning'inia, na chini kabisa maji meusi, yametulia tuli. Nilimshika bibi mkono, ingawa nadhani yeye ndiye aliyenishika.

Alivua viatu ukingoni, akaita, "Hodi!"

Mimi ni mtu wa ndani. Kazi yangu duniani ni kuitikia hodi za watu. Neno likanitoka lenyewe: "Karibu!"

Pango likalichukua, likalizungusha huko chini, likaturudishia kwa sauti nzito isiyokuwa yangu.

Bibi aliinamia shimo. Kisha akasema, "Hapa haiitikiwi, mume wangu. Unapiga hodi, unasikiliza kimya, unakwenda zako."

"Bibi, ni mimi niliyesema."

"Nnajua. Sauti ya kuku aliyemwagiwa maji, nani asiyeijua?" Akacheka, lakini uso hakuuondoa shimoni. "Basi nshakaribishwa. Ntaondokaje?"

Nilimbembeleza mpaka alasiri. Sijui kama aliogopa kweli, au alikuwa akitafuta sababu tu, nami nikampa. Nilipokuwa naondoka peke yangu, nilisikia ndoo yake ikigonga mawe ya njia ya pangoni.

Mama hakunigombeza. Aliikunja ile kanga, halafu akaitandika tena. Kitanda kiko vile vile. Mtu akipiga hodi kwetu, mama huinua kichwa, akangoja kidogo. Nami nauma ulimi mpaka aitikie yeye.