Ruhusa Niliyompa Mpishi

Jamani, nimekwisha. Kazi yangu katika kambi ya utafiti wa dhahabu, jirani na Rwamgasa, ni kuwaruhusu wenzangu kusoma kurasa za kambi kwenye kompyuta zetu zilizounganishwa kwa waya. Kila mtu ana neno lake la siri na kurasa anazoruhusiwa. Kazi hii ndiyo inayomsomesha mdogo wangu.

Juzi mpishi wetu, Mzee Shija, aliniomba ukurasa wa huduma ya aliyeumwa na nyoka. Nikaona haya kumpa mtu wa rika la baba ukurasa mmoja tu, kama kumkaribisha ugali bila mboga. Nikamfungulia zote, hata ripoti ya kilima chenye dhahabu.

Leo asubuhi kilima kimejaa wachimbaji na sururu zao. Bosi akatukusanya. "Nani katoa siri? Hana kazi!"

Nikainama, nikimwomba Mungu Mzee Shija anyamaze. Yeye akasimama, anatabasamu.

"Bosi, usigombe. Kijana huyu mwenye moyo mzuri alinipa nisome yote, nami nikawaambia wanangu wachimbaji. Kwetu habari njema hailiwi peke yako. Mwongezee mshahara!"

Bosi akanigeukia. Kwa kuchanganyikiwa nikaitikia, "Marahaba," ilhali hata hakuwa ameniamkia.