Kaburi la Mawe Matatu

Namshukuru Mwenyezi Mungu, anayemjua kila aliyelala ardhini hata pale sisi tulipomsahau. Rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Baba yangu alifia Unguja. Kabla hajafa aliniusia jambo moja: nikijaaliwa kufika Omani, nilitafute kaburi la babu, aliyerudi kwao Ibra uzeeni, na niwafundishe wanangu wao ni wa nani. Nilifika mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikapata kazi ya kusomesha dini. Makaburi ya huku hayaandikwi majina. Ni mawe tu yaliyosimamishwa. Jirani mmoja alinionyesha kwa kidole: "Watu wenu wako pale, karibu na ukuta." Nikaliona lililo kubwa kuliko yote, nikaamini ndilo.

Miaka kadhaa, kila Idi, niliwapeleka wanangu pale. Tulimwombea babu, kisha nikawahadithia safari zake, duka lake la nguo, na ukali wake usiodumu.

Idi moja binti yangu, wa miaka kama kumi, alinivuta kanzu.

"Baba, mbona babu ana mawe matatu? Mwanamme huwekewa mawili. Matatu ni ya mwanamke. Wenzangu skuli wote wanajua."

Nikahesabu. Matatu. Nilitahayari, nikaona wasia wa baba nimeuharibu.

Tulikwenda moja kwa moja kwa shangazi, binti wa ndugu yake babu, ambaye babu alirudi naye kutoka Unguja akiwa kigoli, na ambaye sikuwahi kumuuliza kwa kujiona najua. Nilimwamkia, nikamweleza. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ushungi.

"Marahaba, mwalimu mzima! Umesoma vitabu vyote hivyo, kuhesabu mpaka tatu kumekushinda?"

"Nicheke tu, shangazi. Lakini babu yuko wapi?"

Akaacha kucheka. "Upande wa wadi, kwenye bonde la mto mkavu. Maji yalishuka kwa nguvu mwaka mmoja, yakachukua mawe yote. Mahali pake hasa hapajulikani tena. Huyo uliyekuwa ukimwombea ni mkewe wa kwanza. Babu yako alipokwenda Unguja alimwacha hapa, naye mke akakaa miaka mingi akiangalia mitende ya mumewe na kumuuguza mama mkwe wake. Tuliporudi, alinisuka nywele siku ile ile. Hakujaaliwa mtoto, basi hakupata wa kumtaja."

Sisi Unguja hatukuwahi kusikia kwamba alikuwapo.

Binti yangu akamsogelea. "Aliitwa nani, bibi? Alikuwa mkali?" Shangazi akamjibu yote, mpaka adhana ya Laasiri.

Nyumbani niliwakusanya wanangu. "Nilikosea," nikawaambia. "Kaburi la babu silijui." Nilidhani watavunjika moyo. Binti yangu akaleta daftari la nasaba yetu, ambamo niliandika wanaume tu, akauliza jina la yule bibi aliweke wapi.

"Ubavuni mwa babu."

Akaandika, akainua kalamu. "Na huyo mama yake babu aliyeuguzwa, aliitwa nani?"

Sikujua. "Kesho tutarudi kwa shangazi," nilimwambia, naye akaacha mstari mtupu.

Ewe unayesoma, Mwenyezi Mungu awarehemu waliokutangulia, wanaume kwa wanawake, na akuruzuku watoto wenye kuuliza.