Mtanga Umekwenda Matembezi

Amefariki wiki hii, nyumbani kwake Likoni, mwanamke aliyeosha maiti za wanawake wa mtaa wetu kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Wasomaji wa safu hii mnajua kwamba siachi neno lipite bila kulihoji, na baadhi yenu mmeniandikia kunionya juu ya tabia hiyo. Leo naandika kuhusu siku mbili ambazo sikujihoji mwenyewe.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, aliyekufa mdogo akazikwa makaburi ya kando ya bahari. Ufuo wetu hupungua na kujaa kila mwaka. Msimu wa kusi mawimbi huupiga kwa mshazari yakipandisha mchanga, kisha maji hushuka moja kwa moja, na hivyo kila punje hupiga hatua kuelekea kaskazini. Upepo wa kaskazi ukianza, mwendo hugeuka. Watu wa Likoni hawasemi mchanga umekwisha. Husema, "Mtanga umekwenda matembezi," na hakuna anayehamisha kitu, kwa kuwa hurudi. Mwishoni mwa miaka ya themanini hoteli moja ikajenga ukuta wa mawe ulioingia baharini, kusini mwa makaburi. Kusi ya kwanza, mchanga ukarundikana upande wa hoteli. Wa upande wetu ukaondoka kama kawaida, lakini haukuja mwingine.

Nilikuwa likizoni kutoka chuo kikuu, nilikokuwa nikisoma jiografia. Asubuhi moja, maji yametoka, mama huyo akaniita makaburini. Ukingo ulikuwa umemomonyoka kama uliokatwa kwa kisu, na humo vilichomoza viunza, zile mbao za kufunikia maiti, vimepangana kama droo. Hapakuwa na upepo, lakini mchanga ulikuwa ukidondoka kidogo kidogo, kwa sauti ya mtu anayenong'ona.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Sogea hapo, wamkanyaga mtu."

Nikaruka. Akacheka. "Kumbe nawe waogopa! Na vitabu vyote hivyo?" Kisha akaelekeza mkono mbele. Kaburi la mwanawe lilikuwa limebakiza hatua nne kufika ukingoni. "Imamu amekubali nimhamishe," akasema. "Lakini kumfukua mtu si mtezo. Wewe ndiwe msomi. Hebu n'ambia, mtanga utarudi?"

"Utarudi," nikajibu. "Subiri kaskazi." Nikamchorea na mishale kwa kidole. Nilihesabu mchanga wa kurudi, sikuhesabu ule uliozuiwa na ukuta niliokuwa nikiuona kwa macho yangu.

Akasubiri. Kaskazi ikaleta mchanga kidogo, na kusi iliyofuata ikachukua hatua zile nne pamoja na kaburi. Kiunza alikiokota yeye mwenyewe mbali upande wa kaskazini. Alikitambua kwa rangi ya kijani, maana kilikatwa kutoka mlango wa nyumba yake. Kilichokuwa chini yake hakikuonekana tena.

Akaja nyumbani kwetu. Hakunilaumu. "Yuwapi sasa?" akauliza. Sikujua. Lakini nikamweleza kwamba mchanga hutembea hadi mlango wa bandari, karibu na kivuko, ukaangukia kwenye kina, usiinuke tena. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeelekezwa nyumba aliyokuwa akiitafuta.

Tangu siku hiyo hakupanda feri. Wanawake wenzake walimtania, "Mpwani gani wewe, waogopa maji?" Naye akawajibu, "Siwezi kumpita mwanangu juu ya kichwa." Harusi na matanga ya kisiwani, ng'ambo ya kivuko, hakuhudhuria tena. Juzi alipozidiwa, tulimfikisha kivukoni ili tumvushe kwenda hospitali. Gari lilipoanza kuteremka kuelekea feri, akaushika mlango.

"Nirudisheni. Amelala hapo."

Nikamwambia sikuwa na hakika, kwamba siku ile nilikisia tu. Akanitazama kwa huruma. Aliamini nadanganya ili akubali kuvuka. "Wallahi, bi mkubwa, nilikisia!" Akafumba macho, mkono haukuuachia mlango. Tukageuza gari. Alfajiri hakuamka.

Chuoni nilifundishwa kuyahoji maneno ya watu, na nilifaulu vizuri. Sikufundishwa kwamba neno la msomi mtu huweza kuhamia ndani yake akaishi humo, na aliyelisema asiweze kumtoa hata kwa kiapo. Kwa hiyo mkitujia na swali, tutazameni vizuri tunapojibu, na mkiona tunasitasita, tubaneni mpaka tuseme hatujui. Mimi nilikuwa na neno hilo mdomoni siku ile, nikaliona aibu. "Sijui" ingemvusha.