Kaka Asiyepakwa Tika

Mandira Ghimire alinitupia mfuko wa plastiki mezani akasema, "Dada, humu mna miaka yangu minne. Itafsiri." Nina kiduka cha kutafsiri karatasi hapa Patan na nimezoea watu wenye haraka, ila huyu macho yake yalikuwa mekundu tangu mlangoni.

Mpenzi wake, Dilip, ni mpishi ng'ambo, Adelaide, mwaka wa tatu sasa. Wameomba Mandira amfuate kwa viza ya wenzi ambao hawajaoana. Ofisi ya viza ikajibu: leteni ushahidi kwamba mliishi pamoja kama mume na mke.

Kwa nini hawakuoana? Dilip ni mtoto wa wahunzi, tabaka linalodharauliwa huku kwetu. Baba yake Mandira hapokei hata maji kutoka kwa mhunzi, sembuse kumpokea mkwe. Na cheti cha ndoa kingepitia ofisi ya kata, ambako karani ni shemeji wa baba.

Basi walipanga chumba kimoja kwa Mama Dhanmaya wakijiita kaka na dada, na walijificha vizuri mno. Picha ya pamoja hakuna hata moja. Hii Dilip peke yake dirishani, ile Mandira peke yake, dirisha lilelile. Nikafungua ujumbe wa simu. "Kaka, leo mvua imenyesha, nimejifunika blanketi lako." "Kaka, nimekukumbuka hadi chai hainipiti kooni." Kurasa arobaini za kaka.

"We Mandira, nikiyatafsiri haya hawatakupa viza, watakupeleka kwa daktari!"

Alicheka, kisha akaanza kulia. "Ukuta ule ni mwembamba, dada. Ilibidi nimwite hivyo hata tukiwa wawili. Mdomo ukazoea."

Shahidi alibaki mmoja tu, Mama Dhanmaya. Mandira alimwogopa: akijua alidanganywa miaka yote ile, atamfukuza, na katika chumba kile koti la Dilip bado linaning'inia nyuma ya mlango. Hakutaka kulihamisha. Nikamshika mkono tukapanda hadi juu ya paa, alikokuwa mwenye nyumba akianika pilipili. Mandira akaunganisha viganja, akaropoka yote kwa pumzi moja.

Mama hakuinua kichwa. "Mlikaa naye kwangu sikukuu za Tihar ngapi?"

"Nne, Mama."

"Siku ya tano ya sikukuu kila dada mtaa huu anampaka kaka yake tika ya rangi kwenye paji la uso, anamvika maua. Wewe je? Kila mwaka kaka ana safari! Mwaka mmoja eti anaharisha. Mwanamume ukishampaka tika ile ni ndugu yako mpaka kufa, nani asiyejua? Nikajisemea, hawa waongo, lakini angalau wanamwogopa Mungu." Akanigeukia. "We mwenye kalamu, unashangaa nini? Andika!"

Nikaandika alivyosema: kwamba kwa Tihar nne hakuona tika usoni mwa kijana yule, na kwamba kitanda kilichoingia kilikuwa kimoja.

"Ongeza," akasema. "Tangu aondoke, binti huyu anapika wali wa watu wawili. Sahani ya pili anampa mbwa wangu. Anadhani sioni."

Mandira alijifunika uso kwa shali. Nami nikaiandika hiyo pia.

Mama akatia kidole gumba kwenye karatasi. Mandira akaipiga picha akamtumia Dilip, na tulikuwa bado ngazini jibu lake la sauti lilipoingia: "Kaka yako analia."

Hiyo ilikuwa kabla ya baridi kuanza. Viza haijajibiwa. Jana nilipita pale, na mbwa wa Mama Dhanmaya amenenepa hadi hawezi kupanda ngazi.