Mdomo wa Mwadhini

Baba yangu ameadhini katika msikiti wa kijiji chetu, huko milimani Kondoa, tangu kabla sijazaliwa. Mimi ndiye mtoto wake pekee, na nilichokwenda kusomea China ni kuchoma watu sindano. Akiulizwa binti yake ni daktari wa nini, hujibu, "Wa mishipa," kisha hugeuza mazungumzo kabla hawajauliza la pili.

Nina chumba cha tiba mjini, mtaa wa Nkuhungu. Wagonjwa wangu wengi ni watumishi wa serikali wa kule Mtumba, watu wenye migongo iliyoharibiwa na viti vya ofisi. Wanakuja jioni, simu mkononi, wanauliza kama inauma. Inauma kidogo. Wanalala kifudifudi, wanakoroma, na wakiamka wananisifia kwa wenzao. Sifa hizo zilinipa kichwa kikubwa, sikatai.

Ramadhani ilipoanza mama akanipigia simu. Baba alikuwa akila daku, uji ukamtoka upande mmoja wa mdomo, na jicho la upande huo likagoma kufumba. Nilihofia kiharusi. Nikamwambia mama wasikae hata kidogo, wampeleke hospitali, nami nikapanda basi asubuhi ileile. Nilipofika daktari alikuwa ameshampima. Si kiharusi, alisema, ni mshipa wa uso. Alimwandikia vidonge na dawa ya jicho, akasema wengi hupona, ila kwa mtu wa umri wake huenda ikachukua muda, na asilazimishe kufunga Ramadhani.

Baba alikuwa ameketi kwenye benchi, kofia imenyooka, uso umepinda. Nikapiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba" inataka midomo miwili ikutane, na yake haikukutana. Alichotoa kilikuwa pumzi na mate. Akajipangusa kwa kiganja, akatazama pembeni. Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kimempata. Asiyeweza kusema marahaba hawezi kusema Allahu Akbar. Jirani mwenye duka alikuwa ameshashika maiki ya msikiti kwa niaba yake, na alikuwa akiadhini mbiombio, kama mtu anayewahi basi.

Kwa elimu niliyosoma, uso wa namna hii umeingiwa na upepo baridi kupitia nyuma ya sikio, ukaziba njia ambazo mwili hupitishia nguvu zake. Maelezo hayo baba aliyapenda kuliko ya hospitali. Wiki hiyo alikuwa amenyeshewa shambani akipalilia alizeti, akarudi kwa bodaboda bila kujifunika. "Wachina wana akili," alisema, kwa tabu, nusu ya maneno ikivuja. Nikajiona tayari nimemponya.

Nikamshika kifundo cha mkono nisikilize mapigo yake. Kwa mwalimu wangu wa China, mzee mkali mwenye vidole laini, tulitumia mwaka mzima kuweka vidole vitatu juu ya mikono ya watu na kukosea. Baba alidhani namsalimia, akaukamata mkono wangu na kuukumbatia kwa mikono yake miwili. Sikusikia mapigo yoyote ya maana. Nilichosikia ni kwamba mkono wa baba umekonda.

Sasa, sindano. Shehe alisema hazifunguzi saumu, hazipeleki kitu tumboni. Baba hakuwa na neno. Kutokufunga ndiko alikokataa. "Mimi nafunga kwa tumbo," alisema, "sifungi kwa uso." Mama alimsihi, shehe akamwambia mgonjwa ana ruhusa, hakusikia la mtu. Basi dini haikunizuia. Aliyenizuia ni yule mzee wa China.

Mzee yule alitufundisha kwamba hachomwi mtu mwenye njaa, wala aliyeshiba sana, wala mwenye hasira, wala aliyetoka safari ndefu kabla hajatulia. Nilidhani ni maneno ya zamani ya kupamba kitabu. Ramadhani yangu ya kwanza kule nilikuwa nimefunga, na wanafunzi tulikuwa tukichomana wenyewe kwa wenyewe, baada ya kumaliza kujifunzia kwenye karatasi zilizokunjwa. Sikumwambia mtu kama nimefunga. Mwenzangu akanichoma mguuni. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, miguu imeinuliwa juu ya kiti, na mzee amesimama juu yangu akiwa amekasirika kwelikweli. "Mfuko mtupu," alisema. "Unatoboa mfuko mtupu ili kitoke nini?"

Nilikuwa kijana mwenye afya, na nilianguka. Baba ana zaidi ya miaka sabini.

Basi mchana sikuthubutu kumchoma. Magharibi akafuturu: uji, viazi, tambi, halafu ugali, kwa sababu bila ugali anasema hajala. Sasa ameshiba sana. Nikisubiri chakula kishuke, ni isha, na kutoka hapo ni tarawehe, na tarawehe hakosi. Akirudi amechoka, macho yanafumba, yaani lile moja. Kila siku nilikaa na kiboksi changu cha sindano mapajani nikitazama nafasi ikipita. Nilisoma miaka yote ile, nikavumilia baridi ya kule, kisha mgonjwa wangu wa kwanza wa damu yangu ninashindwa kumpatia saa.

Nikagombana na mama bila sababu. Nikamwambia apike kidogo. Akaniambia nikapike mimi.

Mwishowe nilimwomba baba afuturu kwa tende na uji tu, sindano zikae kidogo, ugali uje baadaye. Alikubali, kwa kunihurumia nadhani. Mambo ya uso na mdomo huanzia mkononi, ndivyo nilivyofundishwa, kwa hiyo nilianza kwenye bonde lililo kati ya gumba na kidole cha shahada, kisha shavuni, kisha karibu na pembe ya mdomo. Alilala akitazama paa. Hakulalamika. Kila nilipochomoa alijaribu kupiga mbinja, kwa sababu nilimwambia ndicho kipimo, na kila mara alitoa upepo mtupu.

Idd ikaja. Jicho lilianza kufumba. Mama alifurahi, nami nikajitia kufurahi. Sijui kama lilifumbwa na sindano, na vidonge, au na siku zenyewe kupita. Mtumishi wa Mtumba angenisifia. Mimi nilikuwa nautazama mdomo, na mdomo ulikaa vilevile.

Baada ya Idd nilikaa tena, tukachoma mchana sasa, kwa nafasi, kwa kanuni zote za mzee. Mdomo vilevile. Wagonjwa Nkuhungu walianza kupiga simu, ikabidi nirudi.

Siku ya kuondoka nilimchoma kwa mara ya mwisho, uani, juu ya kitanda cha kamba. Mama alikuwa anapepeta mtama. Nilipochomoa sindano ya mwisho jirani akaanza adhana ya adhuhuri, mbio zilezile. Baba akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaketi, akakichukua kidole changu cha shahada na kukiweka kwenye pembe ya mdomo wake ulioanguka.

"Inua," alisema.

Nikainua. Ngozi ilikuwa laini na nzito. Midomo yake ikakutana.

Akatia vidole viwili masikioni, kama alivyofundishwa na baba yake, akaadhini. Kwa sauti ya chini, ya uani tu. Allahu Akbar ilitoka nzima, jina la Mtume likatoka, na hayya alal falah ikatoka na kuvutwa vile anavyoivuta yeye peke yake. Mama aliweka ungo chini. Mimi nilisimama pale, kidole kimeinuliwa, nikilia bila kujipangusa maana sikutaka mkono utikisike.

Alipomaliza alitoa vidole masikioni.

"Umeona?" alisema. "Sauti ipo."

"Ipo, baba. Si unaweza kuinua mwenyewe, kwa mkono mmoja?"

"Nimeanza lini kuadhini na sikio moja wazi?"

"Basi hata baba mdogo akushikie."

"Mwanamume anishike mdomo mbele ya safu nzima?" Akacheka upande mmoja. Kisha akasema taratibu, "Ingekuwa wewe unaweza kusimama pale."

"Nitasimamaje pale, baba?"

"Najua, mama. Najua."

Basi langu lilikuwa la mchana huohuo, na mama alikuwa ameshatoa begi langu mlangoni. Baba hakuniambia niachie. Nami kidole kilikuwa bado kimeuinua mdomo wake, na sikujua nitakitoa vipi.